Kiwango cha Ari

Jina la Nyamizi Lubinza liliposomwa kwenye gwaride, kuruta wenzake walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wamesimama juani asubuhi nzima, kila mmoja roho juu akisubiri kusikia mashine ya Mizani imempangia kazi wapi, na waliokwisha kupata kazi nzuri walikuwa wanatafuta pa kuitolea furaha yao. Kapteni Shemdoe alipotamka, "Lubinza, Nyamizi. Banda la mabuu," furaha hiyo ikapata mlango.

Sajenti Atuganile, aliyewalea kuruta hao tangu siku walipovua nguo za nyumbani, alikuwa amesimama pembeni ya mstari. Alimwona msichana akipiga saluti, akijibu "Ndiyo, Afande" kwa sauti iliyonyooka, akirudi mahali pake bila kukosea hatua. Hakulia. Ila tangu hapo mpaka gwaride linavunjwa hakupepesa macho, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi usoni akaogopa hata kujifuta.

Kambi nzima ilijua Nyamizi alichokuja kutafuta jeshini. Alitoka bonde la Rukwa, kijiji kilichozama katika masika yale makubwa. Alikuwa bado mtoto. Familia yake ilikaa juu ya paa la shule mpaka ndege ya uokoaji ikaja, ikaning'inia juu yao kama kipanga. Rubani alikuwa mwanamke aliyekuwa anatafuna karanga. Alimpa Nyamizi ncha ya mkanda akamwambia, "Shika huu, usiachie mpaka nikuambie." Nyamizi alipenda kuwasimulia wenzake kwamba ndege ilipotua nchi kavu rubani alisahau kumwambia, naye akaendelea kuushika mkanda mpaka walipomfungua vidole.

Lakini Mizani haikusikiliza hadithi. Ilikuwa mashine iliyopima usingizi wa kuruta, mapigo ya moyo, namna anavyokereka na namna anavyovumilia, kisha ikampeleka anakohitajika. Marubani walijitokeza wengi kila mwaka. Watu wenye subira ya kukaa na viumbe vidogo visivyo na shukrani walikuwa wachache, na Mizani ilikuwa imemwona Nyamizi kuwa mmoja wao. Rufaa haikuwepo.

*

Kambi ya Ndulilo ilikuwa juu milimani, na tangu mvua zilipobadilika tabia, barabara ya kupanda huko ilikatika kila masika. Kwa hiyo kambi ilijilisha yenyewe. Makombo ya jikoni, maganda, vinyesi vya kuku, vyote viliingia katika banda refu lililokuwa nyuma ya karakana. Humo, kwenye trei zilizopangwa mpaka darini, mabuu ya nzi weusi yaliila taka hiyo usiku na mchana. Yakinenepa yalikaushwa na kusagwa yakawa chakula cha samaki na kuku, na samaki na kuku wakawa chakula cha askari. Kama banda lingesimama kazi, kambi ingelala njaa. Kila askari alilijua hilo, na kila askari alibana pua akipita hapo.

Nyamizi alifanya kazi kama mtu anayetumikia kifungo. Hakuchelewa wala hakujibu vibaya. Aligeuza trei, akanyunyiza maji, akasoma joto, basi. Chakula alikiacha nusu. Wenzake wakiimba jioni, yeye alikaa juu ya magunia ya pumba nyuma ya banda akatazama angani, kule ndege za mafunzo zilikokuwa zinapiga mizunguko.

Atuganile alimkuta hapo siku moja, akakaa gunia la pili bila kukaribishwa.

"Mwanangu, unajua mimi nilipangiwa wapi nilipoanza?"

"Sijui, Afande."

"Jikoni. Nilikuja nataka mizinga, wakanipa viazi. Nilimenya viazi mpaka nikawa naviota."

Nyamizi alitabasamu kidogo, kwa adabu tu. "Ulifanyaje ukavizoea?"

"Sikuvizoea. Nilivichukia mwaka mzima." Atuganile alijicheka. "Ila kulikuwa na mzee mmoja pale jikoni aliyekuwa anamenya na mimi. Hakunipa mawaidha. Alikuwa anakaa tu tunamenya. Siku moja nikagundua kwamba kisu changu kinakwenda chenyewe na mimi nimo kwenye maongezi."

Kesho yake Atuganile alivaa aproni akaingia bandani. Hakuwa na wajibu wa kuingia. Alichukua koleo, akaanza kusambaza taka upande wake wa trei. Kwa siku nyingi walifanya hivyo, bila maneno mengi. Mara Nyamizi akaanza kuuliza. Kwa nini mabuu ya trei za juu yanakimbilia kona? Kwa nini yakikaribia kugeuka nzi yanabadilika rangi na kutaka kutoroka? Atuganile hakuwa na majibu, na hilo lilimfurahisha msichana kuliko majibu yenyewe. Siku moja Nyamizi alimwita aje aone buu lililokuwa linapanda ukuta peke yake. "Huyu naye hakupendezwa na alikopangiwa," alisema, wakacheka wote wawili.

Kilikuwa kicheko kidogo. Baadaye Atuganile alikuja kukikumbuka mara nyingi.

*

"Lubinza bado hajakaa sawa," alisema Kapteni Shemdoe. Alikuwa kijana kuliko Atuganile, mpole, na kila alipotaka jambo gumu alianza kwa kukutengea kiti. "Wakaguzi wanakuja. Wataangalia makundi, Sajenti, na kundi lako lina mtu mmoja anayeshusha wastani wa wote. Akiomba kuacha jeshi wakati wakaguzi wapo, tutaulizwa wote."

"Anabadilika, Kapteni. Polepole, lakini anabadilika. Niachie muda."

"Muda ndio sina." Akasukuma kishikwambi kuelekea upande wa Atuganile. "Una ruhusa ya hiki. Kwa nini hukitumii?"

Kila kuruta wa siku hizi aliapa akiwa amekwisha kutiwa uzi. Ulikuwa waya laini kuliko unywele, uliopitishwa nyuma ya sikio mpaka ndani ya kichwa. Ulitengenezwa kwa ajili ya vita: askari akijeruhiwa, kiongozi wake angepunguza maumivu kutoka mbali, hofu ikizidi, angeishusha. Kuruta walisaini kwa ajili ya hayo mawili. Kipimo cha tatu kiliongezwa baadaye na mafundi wa makao makuu, kikaitwa ari, na hakuna aliyerudi kuwasainisha upya.

Uzi haukumwamuru mtu apende nini. Ulisubiri. Mtu akiinamia kazi aliyopangiwa, ulimpa tone la raha, kama la maji baada ya kiu. Mawazo yakienda kwingine, ulinyamaza. Maelekezo yaliyoandamana nao yalikuwa na onyo moja: mhusika asiambiwe, kwani anayejua hupinga.

Atuganile aliingia jeshini kabla ya uzi. Kichwani mwake hamkuwa na kitu ila alivyozaliwa navyo. Ndiyo maana, alijiambia, hakuwa na haki ya kuogopa kitu asichokijua. Alijiambia pia kwamba msichana anateseka, na mwenye dawa mkononi hamwachi mgonjwa. Alijiambia mengi. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka kunuka mabuu, na alitaka wakaguzi waje waondoke.

Akaweka kidole kwenye kioo, akaupandisha mstari wa ari wa Nyamizi, akaondoka na kishikwambi mfukoni.

*

Nyamizi alichanua. Kwanza alimaliza chakula chake. Kisha akaanza kuimba bandani. Mvua za kwanza zilipoleta baridi na mabuu yakaanza kufa kwenye trei za chini, yeye ndiye aliyepeleka bomba la hewa ya moto kutoka karakana, akalipitisha chini ya sakafu, akaokoa mavuno. Wakaguzi walisimama bandani kwa muda mrefu kuliko walivyosimama kwenye ghala la silaha. Aliwaeleza maisha ya mabuu kwa macho yanayong'aa, akasahau hata kuwaita Afande. Mkaguzi mkuu alimshika Atuganile mkono. "Huyu umemlea wewe? Njoo uwafundishe wengine namna ya kuwatia moyo vijana."

"Asante, Afande," alijibu Atuganile, akauchomoa mkono wake haraka.

Kilichomwumiza zaidi si sifa. Kilichomwumiza ni kwamba Nyamizi alimpenda. Kila asubuhi alimletea kikombe cha chai. "Afande, kama si wewe kuja kukaa na mimi, ningekuwa nimeondoka," alimwambia siku moja. "Ulinifundisha kutoikimbia kazi."

Labda ilikuwa kweli. Labda njia ile ya koleo na maongezi ingefika, kwa mwendo wake. Buu lile lililopanda ukuta, kicheko kile, vilikuja kabla ya uzi. Lakini Atuganile alikuwa amemwaga maji juu ya nyayo, na sasa asingeweza tena kujua msichana alikuwa anaelekea wapi kwa miguu yake mwenyewe. Aliacha kwenda bandani. Akisikia nyimbo zikitoka huko alizunguka karakana apite mbali.

Ndipo habari ikaja kutoka chuo cha urubani. Mwanafunzi mmoja alikuwa amepatikana na ugonjwa wa macho, nafasi yake imebaki wazi, na Mizani ilipotafuta wa kuijaza ilimtaja aliyefuata kwa alama: Nyamizi Lubinza. Mara moja katika miaka mingi, mlango uliofungwa ulifunguka wenyewe.

Atuganile alikimbia kwenda bandani kama mtu aliyesamehewa. Alimkuta Nyamizi ameinama juu ya trei akichambua mayai ya nzi kwa brashi.

"Wamekuita, mwanangu! Uokoaji. Gari linaondoka mwisho wa juma."

Nyamizi aliinua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. "Wamekosea kuniita mimi," alisema. "Wampe mwingine, Afande. Haya mayai yanaanguliwa mwisho wa juma."

"Nyamizi. Ni ndege."

"Najua. Nilikuwa nazipenda sana zamani." Alisema kama watu wazima wanavyotaja michezo ya utotoni, bila uchungu, akarudi kwenye brashi yake.

Atuganile alishika ukingo wa trei.

*

Alimwambia hapo hapo, kabla ujasiri haujamtoka. Alimweleza kuhusu uzi, kipimo cha tatu, meza ya Kapteni, kidole chake mwenyewe juu ya kioo. Nyamizi alisikiliza huku brashi imesimama hewani. Atuganile alipomaliza, msichana aliweka brashi chini, akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo furaha hii si yangu."

"Sijui, mwanangu. Nyingine ni yako, nyingine niliitia mimi. Sijui mpaka uko wapi."

"Lakini ninaisikia mimi."

"Ndiyo."

"Basi usiizime."

Atuganile hakuwa amelitarajia hilo. Alitarajia kofi, au kilio. "Nilikuwashia bila kukuuliza," alisema. "Ilikuwa kosa."

"Na sasa nakuambia, nimeridhika. Nakula, nalala, nina kazi ninayoijua. Unataka kunirudisha kwenye magunia yale nikatazame juu?" Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulimtisha Atuganile. "Yule aliyekuwa anakaa pale nyuma, ungemuuliza, angesemaje?"

"Angesema nisimwashie."

"Mimi nasema usinizimie. Sisi wawili, Afande, utamsikiliza nani?"

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la makombo, gurudumu lake likilia. Walisubiri lipite.

Atuganile alitoa kishikwambi mfukoni, akakifungua, akakiweka mkononi mwa msichana. Sheria ilikataza kuruta kukigusa. "Nimeshakuamulia mara moja," alisema. "Siwezi tena. Ukitaka kukiacha hapo kilipo, kiache. Ila nakuomba, sikuamrishi, nakuomba: jaribu siku moja tu kabla ya gari kuondoka."

Nyamizi alikitazama kioo, jina lake, na mstari mwekundu uliokaribia kileleni. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye uhakika na mali yake.

"Sawa. Nitakuonyesha kwamba ni yangu," akasema, akaushusha mstari mpaka chini kwa kidole chake mwenyewe.

*

Kesho yake Atuganile alimkuta amekaa kwenye sakafu ya banda, mgongo ukutani, aproni imelowa matapishi.

"Kunanuka," alisema Nyamizi bila kumtazama. "Kumbe kunanuka hivi siku zote?"

Atuganile alipiga magoti kumshika bega. Msichana aliuondoa mkono ule kwa upole, kama mtu anavyoondoa majani yaliyomwangukia. Akainuka. Akafunga leso puani, akaenda kwenye trei ya kwanza, akaanza kugeuza. Aligeuza zote, za juu na za chini, akitapika tena katikati ya kazi, akisukutua mdomo na kuendelea, kwa sababu trei zisipogeuzwa hujipasha moto na kila kilichomo hufa. Atuganile alisimama mlangoni. Hakuthubutu kuchukua koleo.

Jioni Nyamizi alimjia.

"Kazi sikuipenda hata kidogo," alisema. "Lakini sikuiacha. Hilo naona ni langu."

"Ni lako."

"Na nimetafuta ile hamu ya kuruka." Hapo sauti yake ilipasuka kwa mara ya kwanza. "Nimekaa pale kwenye magunia, ndege zimepita, nikazitazama. Hakuna kitu, Afande. Nakumbuka kwamba nilikuwa nazitaka. Nakumbuka kama mtu anavyokumbuka jina la jirani. Imekwenda wapi?"

Atuganile alijua imekwenda wapi. Kila mara msichana alipowaza angani, uzi ulinyamaza. Alipowaza trei, ulimpa maji. Mti wa upande mmoja ulinyeshewa, wa upande wa pili ukakauka. Alimweleza hivyo, kwa maneno machache, na hakuongeza faraja yoyote maana hakuwa nayo.

Kwa Kapteni alikwenda mwenyewe, hakusubiri kuitwa. Aliweka kishikwambi juu ya meza, akasema alichokifanya. Shemdoe hakumtengea kiti.

"Umemwambia," alisema polepole. "Unafahamu ni wangapi wamewashiwa? Nusu ya kambi hii inaamka asubuhi kwa ajili ya kitu hicho. Wapishi. Walinzi wa mlimani kwenye baridi ile. Unadhani wanaimba kwa nini?" Akasugua macho, na Atuganile akaona kwamba naye halali vizuri. "Msichana aende chuoni. Wewe funga mdomo, na mimi nitasema kishikwambi kiliharibika. Ukiufungua, ni mahakama ya kijeshi, sitaweza kukusaidia."

*

Gari la chuo cha urubani lilifika asubuhi yenye ukungu. Nyamizi alikuja na begi lake begani. Alikuwa amekonda usoni kwa siku hizo chache, lakini nywele amezisuka vizuri.

"Umeamua kwenda," alisema Atuganile.

"Nakwenda. Si kwa sababu nataka, maana sasa sitaki kitu chochote. Nakwenda kwa ajili ya yule aliyetaka kabla hamjamgusa. Sina namna nyingine ya kumtendea haki." Alirusha begi garini. "Pengine hamu itarudi nikiwa huko. Isiporudi, nitaruka hivyo hivyo. Wanaozama hawatauliza kama nafurahi."

"Nyamizi, mwanangu, naomba unisa—"

"Usiniombe msamaha leo, Afande." Hakusema kwa hasira. "Sijui ni nani kati yetu, mimi au yule wa zamani, atakayekujibu."

Alipanda. Dereva aliwasha mota, na gari lilipoanza kusogea msichana alichungulia dirishani.

"Wengine je?" aliuliza.

Atuganile alikimbia hatua mbili kando ya gari. Gari likaingia ukunguni, na swali likabaki pale barabarani pamoja naye.

Alitembea kurudi kambini. Saa ya uji ilikuwa imefika, na kundi lake lote lilikuwa bwaloni, vijana wa kike na wa kiume, vikombe vya bati mikononi, wakiimba. Mlinzi wa mlimani, mvulana aliyekuwa amerudi kutoka zamu na midomo imepauka kwa baridi, alikuwa anapiga meza kuliko wote, akicheka. Atuganile aliwaangalia mmoja mmoja. Aliwajua kwa majina ya mama zao. Alijua nani alitaka kuwa fundi, nani mganga wa wanyama, nani alilia siku ya kupangiwa kisha ghafla akaacha kulia. Wengine walikuwa wamewashiwa na sajenti wengine, pengine na Kapteni mwenyewe. Hakujua ni akina nani. Hata wao hawakujua. Na mwenye furaha ya kweli katikati yao, kama yupo, hakuwa na namna ya kuithibitisha.

Aliwaza juu ya walinzi wakiacha mlima, majiko yakizima, masika yakifunga barabara. Aliwaza kwamba pengine Kapteni alikuwa sahihi. Akakamata mikono nyuma ya mgongo kama afanyavyo askari.

Kisha akaingia mpaka katikati ya bwalo, akachukua kijiko, akagonga meza. Wimbo ukakatika. Nyuso zote zilimgeukia, zinang'aa, zinamwamini.

"Kaeni," alisema. "Leteni viti karibu, nisilazimike kupaza sauti. Nisikilizeni mpaka mwisho jambo ninalotaka kuwaambia, na mkishalisikia hamtanipenda tena."

Wakavuta viti, wakamzunguka. Yule mlinzi wa mlimani, akiwa bado anacheka, alimsogezea kikombe chake cha uji. Atuganile hakukipokea. Akaanza kusema.